Fiksi si baiskeli ya gia moja

Kijana amenunua fremu kuukuu ya baiskeli ya mashindano, akavua gia zote, akabakiza sproketi moja nyuma (kile kigurudumu cha meno kinachovutwa na mnyororo), akapiga rangi, kisha akatangaza kwamba ametengeneza fiksi. Ukimwambia aache kukanyaga, baiskeli inaserereka yenyewe, tek-tek-tek. Ndugu yangu, huo mlio ni wa friwili, kile kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke pedali zikiwa zimetulia, na penye friwili hakuna fiksi.

Fiksi ni baiskeli ambayo sproketi ya nyuma imekazwa moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake, kama ile ya mtoto yenye magurudumu matatu. Basi.

Kinachopoteza watu ni jina. Limetoka kwa Waingereza, “fixed gear”, na wengi wanalisikia kama “gia isiyobadilika”, yaani moja tu. Sivyo. Kilichofungwa pale ni sproketi kwenye habu; idadi ya gia ni habari nyingine. Kampuni ya Sturmey-Archer, iliyoanzia Nottingham, imewahi kutoa habu iitwayo S3X: gia tatu, na bado ni fiksi. Halafu chukua ile Phoenix nyeusi ya babu, inayobeba magunia ya mkaa. Gia moja tangu itoke dukani, wala haijawahi kuwa fiksi hata siku moja. Kinyume cha fiksi ni friwili, neno ambalo mafundi wetu wanalitamka kila siku na asili yake ni “gurudumu huru”. Kabla friwili haijaenea, mwishoni mwa karne ya 19, fiksi ndiyo iliyokuwa baiskeli ya kawaida. Hata Rover ya John Kemp Starley ya 1885 haikuwa na friwili. Kwenye mteremko waendeshaji wa enzi hizo waliachia pedali zizunguke zenyewe, wakaegesha miguu kwenye vyuma vidogo vya uma wa mbele.

(Mtaani Dar es Salaam fiksi ni uongo. Hapo labda jina linamfaa kijana wetu.)

Anayetaka fiksi ya kweli atafute habu yake, yenye hesi mbili: moja ya sproketi, nyingine ya nati ya kuibana, na hiyo ya pili inakazwa kinyume. Ukisukuma pedali kurudi nyuma ili kupunguza mwendo, sproketi ikitaka kulegea inazidi kuikaza nati. Sproketi iliyofungwa kwenye habu ya friwili bila nati hiyo itafunguka siku utakapoihitaji zaidi.

Baiskeli yako imependeza, kijana, sikatai. Iite ya gia moja. Na zile breki ulizozing'oa kwa sababu umeona fiksi za mbio za uwanjani hazina, zirudishe leo: waendeshaji wale wanazuia gurudumu kwa miguu, wewe ukirudisha pedali nyuma zinazunguka bure.