Neno Lililokatwa: Dhana Potofu Kuhusu Matoleo Mapya ya Roki ya Zamani

Jamaa yangu mmoja, mpenzi wa bendi ya The Doors tangu enzi za kaseti, alinunua CD mpya ya albamu yao ya kwanza akaja kwangu amenuna. "Wameichezea," akaniambia. Kwenye "Break On Through" alikuwa amesikia neno ambalo kaseti yake haikuwa nalo, na kwake hiyo ilikuwa dalili tosha kwamba kuna kijana wa studio aliyetia mkono. Alikuwa amelishika jambo kinyumenyume. Sikumlaumu, kwani mengi tunayoyaamini kuhusu nyimbo zilizokatwa yamesimama kichwa chini, miguu juu.

Dhana: toleo la kwanza ndilo kamili, mkasi ulikuja baadaye

Albamu hiyo ilitoka Januari 1967 ikiwa imeshapita kwenye mkasi. Studioni mwimbaji wao, Jim Morrison, aliimba "she gets high", tena na tena. Kampuni ya Elektra ilihofia kwamba redio za Marekani hazitapiga wimbo unaotaja kupanda stimu, basi neno "high" likanyofolewa. Ikabaki "she gets" inayorudiwa bila kufika popote. Kizazi kizima kikaamini huo ndio ufundi wa Morrison, kuanza sentensi na kuitelekeza njiani. Katika "The End", tusi la nguoni alilolirudia lilizamishwa chini ya vyombo mpaka likawa kama mngurumo tu.

Neno "high" lilirudi miongo kadhaa baadaye, katika matoleo mapya. Kwa hiyo CD ya jamaa yangu iko karibu zaidi na kilichoimbwa studioni, na kaseti yake iko karibu zaidi na kilichouzwa dukani mwaka 1967. Ukimuuliza mtu lipi kati ya hayo ni halisi, kwanza itabidi mwelewane uhalisi mnaupima kwa kipi.

Safari huenda upande wa pili pia. MC5 wa Detroit walirekodi "Kick Out the Jams" jukwaani, Oktoba 1968, na nakala za mwanzo za albamu zilitoka na tusi la mama likiwa wazi. Duka kubwa la Hudson's likakataa kuziuza. Bendi ikajibu kwa tangazo la gazeti lililolitukana duka hilo kwa jina, huku nembo ya Elektra ikiwa pale pale kwenye tangazo! Nakala zilizofuata zikatoka na "brothers and sisters" mahali pa tusi, na bendi nayo ikatimuliwa. Hapa, basi, nakala ya zamani zaidi ndiyo yenye tusi. Hakuna kanuni moja. Kila albamu ina historia yake.

Dhana: kinachokatwa ni matusi

Hapa ndipo ninapocheka peke yangu. Mwaka 1970 The Kinks walitoa "Lola", kisa cha kijana aliyekutana kilabuni na mwanamke mwenye mikono yenye nguvu na sauti nzito, ambaye taratibu tunaelewa kwamba ni mwanamume. Uingereza ya wakati huo ungetarajia ishtuke. Lakini BBC iligoma kwa sababu nyingine kabisa: wimbo ulitaja Coca-Cola, na shirika hilo lilipiga marufuku kutangaza biashara hewani. Ray Davies, aliyekuwa katikati ya ziara Marekani, ikabidi apande ndege kurudi London, aimbe "cherry cola", kisha avuke tena bahari kuendelea na maonyesho. Singo ikatoka na "cherry cola", albamu ikabaki na Coca-Cola. Ndiyo maana makusanyo ya nyimbo zao hayalingani: mengine yamechukua singo, mengine yamechukua albamu, na wasikilizaji wanabishana kila mmoja akiapa kwa alichokisikia. Wote wako sahihi.

Miaka miwili baadaye Lou Reed alitoa "Walk on the Wild Side", wimbo ambao maneno yake ni mazito kuliko ya "Lola" mara kumi. Nchini Marekani singo ilikatwa mstari. BBC iliupiga mzima, kwa kuwa wakaguzi wake hawakuielewa lugha ya mtaa ya New York. Mkaguzi hakati asichokielewa.

Dhana: kama karatasi ya maneno imefichwa, sauti nayo imefichwa

Si lazima. Kwenye "Working Class Hero" ya mwaka 1970, John Lennon anatamka tusi mara mbili, wazi kabisa. Kampuni yake, EMI, iliacha sauti ipite ikalifuta tusi kwenye karatasi ya maneno ya nyimbo inayokuja na albamu. Kampuni ya RCA ilifanya kichekesho zaidi mwaka 1969 kwa bendi ya Jefferson Airplane: tusi la mama katika "We Can Be Together" linasikika, lakini kwenye karatasi limeandikwa "fred". Sijawahi kukutana na Fred mwenye bahati mbaya kama huyo.

Dhana: kikiandikwa "kimesafishwa upya", basi kila kitu kimerudishwa

Maprodyuza wetu wanaposema "miksi na masta" wanajua kwamba hizo ni kazi mbili, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa jambo hili. Kumiksi ni kuchukua njia nyingi za kanda, sauti huku, gitaa kule, besi na ngoma kando, kuziunganisha ziwe wimbo mmoja. Kumasta ni kung'arisha wimbo uliokwisha kuunganishwa, na "kusafisha upya" ni kumasta tena. Neno likikatwa wakati wa kumiksi, huwezi kulirudisha kwa kuing'arisha kanda ambayo halimo. Lazima mtu arudi kwenye kanda za njia nyingi, kama bado zipo na hazijaoza.

Na akirudi huko, kishawishi cha kubadilisha mengine ni kikubwa. Mfano ninaoupenda ni Frank Zappa na albamu yake ya 1968, "We're Only in It for the Money". Kampuni iliikatakata. Ubeti wenye tusi kwenye "Mother People" uliondolewa, na Zappa akaupachika kwingine katika albamu ukiwa umegeuzwa, unacheza kinyumenyume. Mstari mwingine ulimtaja tu mama aliyevaa aproni akiwa na "pad", kijitabu cha kuandikia oda za mgahawa. Zappa alisimulia kwamba bosi mmoja wa kampuni aliapa kuwa ni pedi ya hedhi, nao ukaenda.

Toleo la CD la mwaka 1986 lilirudisha maneno yaliyokatwa. Mashabiki wangeshangilia, ila Zappa alikuwa amefuta besi na ngoma za awali na kurekodi mpya katika miaka ya 1980, akitumia wanamuziki ambao hawakuwamo mwaka 1968. Ukawa na albamu isiyo na mkasi na isiyo ya awali kwa wakati mmoja. Ilibidi kusubiri hadi 1995, yeye akiwa ameshafariki, ndipo CD yenye ngoma za zamani itoke. Mimi ninazo zote mbili. Ya 1986 naisikiliza kwa udadisi, ya pili naisikiliza kwa raha.

Tusisahau pia kwamba si kila tofauti ni mkasi. "Money" ya Pink Floyd iliyo kwenye mkusanyo wa mwaka 1981 haifanani na ya 1973, na watu husema imekatwa. Ukweli ni kwamba kampuni ya Capitol iligoma kuwapa kampuni ya Columbia haki ya kuitumia, hivyo mpiga gitaa wa bendi, David Gilmour, akairekodi upya, akipiga karibu vyombo vyote mwenyewe isipokuwa saksafoni.

Dhana: serikali ndiyo inayoshika mkasi

Kuna wakati serikali ilijaribu kutafuta tusi na ikashindwa. "Louie Louie" ya The Kingsmen, iliyorekodiwa Portland mwaka 1963, imeimbwa kwa kumumunya kiasi kwamba wazazi wa Marekani walisikia uchafu wa kila aina. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikaipeleka maabara, ikaicheza kwa kasi tofauti, na hatimaye ikahitimisha kwamba haieleweki kwa kasi yoyote ile. Hakukuwa na toleo safi wala toleo chafu. Ni wimbo wa baharia anayetamani kurudi Jamaika kwa mpenzi wake.

Mara nyingi mkasi hushikwa na kampuni yenyewe au na wenye redio. Stika ya kuwatahadharisha wazazi iliyozuka baada ya vikao vya Seneti ya Marekani vya 1985 ni ya chama cha kampuni za muziki, wala si sheria. Nchini Kanada, Januari 2011, baraza la watangazaji wenyewe liliamua kwamba "Money for Nothing" ya Dire Straits isipigwe ikiwa na neno la kuwatusi mashoga. Vituo viwili vitatu vikakasirika na kuipiga nzima kwa saa nzima mfululizo. Baadaye mwaka huohuo baraza likalegeza, likaviachia vituo viamue. CD za madukani hazikuguswa, na toleo fupi lisilo na ubeti huo lilikuwapo tangu singo ya 1985. Ukitaka kujua ulilonalo, tazama muda: la CD ya albamu linakaribia dakika 8 na nusu.

Dhana: Queen wameufuta wimbo wao

Agosti 2023 zilivuma habari kwamba "Fat Bottomed Girls" umeondolewa kwenye "Greatest Hits", mkusanyo wa nyimbo maarufu za bendi hiyo. Uliondolewa kwenye toleo la Yoto, kifaa cha sauti cha watoto wadogo. Kwingine kote upo.

Toleo la Queen lililopitiwa kwelikweli lilitoka Iran mwaka 2004, kaseti iliyoruhusiwa kisheria ya bendi ambayo mwimbaji wake alizaliwa Zanzibar katika familia ya Waparsi, yenye asili ya Uajemi. Nyimbo za mapenzi ziliachwa nje. "Bohemian Rhapsody", yenye muuaji, shetani na "Bismillah" iliyopigiwa kelele, ilipita. Iliambatana na maelezo kwamba kijana ameua kwa bahati mbaya na kuiuza roho yake, na usiku wa kuamkia kunyongwa anamwita Mungu ili aikomboe. Nilipomsimulia jamaa yangu, kununa kukamwisha. Sasa anataka nimtafutie kaseti hiyo.