Kulowesha mbegu za plastiki

Shangazi yangu wa Ngamiani kaniuliza tena huko maabara nafanya kazi gani. Nikamwambia naloweka kunde, ila za plastiki. Alicheka, lakini sikumdanganya.

Ukikoroga monoma, yaani molekuli ndogo zinazoungana kuwa polima (plastiki), ndani ya maji tu na kuipasha moto, matone yanatoka makubwa kwa madogo, na punje za polima zinakuwa hivyo hivyo. Zishindilie kwenye kolamu ya kromatografia, bomba la kutenganishia kemikali, uone: ndogo zinaziba mianya ya kubwa, pampu inalia. Kwa hiyo naanza na mbegu, yaani punje ndogo za plastiki ya polistairini, zenye kipenyo cha mikromita 2, zote saizi moja. Kila mbegu inywe monoma sawa na mwenzake, basi.

Kasoro yake, mbegu hizi hazina kiu. Zikiachwa zilivyo, hunywa mara chache tu ya ujazo wake. John Ugelstad, mkemia wa Norwei, alionyesha miaka ya 1970 kwamba ukizinywesha kwanza kitu chenye molekuli ndogo kisichoyeyuka majini, baadaye huvuta monoma zaidi ya mara 100. Na ndicho tunachokihitaji: kutoka kipenyo cha 2 hadi 10, ujazo umekua mara 125!

Kwa kinywaji hicho cha kwanza, mimi hutumia dibutili fithaleti. Naipiga na maji ya sabuni mpaka iwe kama tui, matone yawe madogo kuliko mbegu zenyewe. Kisha nachungulia kwenye hadubini kila baada ya muda. Matone yakishatoweka, mbegu zimekunywa. Hapo ndipo naongeza stairini ambayo ndiyo monoma, divinilibenzini ya kufunga pamoja minyororo ya polima, peroksaidi ya kuanzisha mmenyuko, na tolueni. Tolueni haigeuki polima. Inashika nafasi tu, na ukiiosha inaacha matundu. Chini ya hadubini ya elektroni, punje hizo hunikumbusha mawe ya matumbawe kule Tongoni.

Wakati mwingine hutokea vumbi jeupe: vipunje vipya vimezaliwa majini, nje ya mbegu. Nitriti kidogo ya sodiamu kwenye maji huvizuia.

Umeme ndio ulionitia adabu. Ulikatika saa tatu usiku, joto likiwa nyuzi 70 na punje bado zinanata. Pangaboi la kukorogea likasimama. Asubuhi nikakuta donge moja kama sabuni ya mche, chupa ikabidi niivunje. Sasa betri ya akiba ni ya mashine ya kukorogea. Kompyuta ikizima, na izime.