Uwiano wa 1.5 si Habari Njema kwa Mguu wa Mwenye Kisukari

Wiki hii nimeletewa tena karatasi ya rufaa iliyoandikwa "uwiano 1.5, mzunguko wa damu mzuri sana", yaani presha ya kifundo cha mguu ikigawanywa kwa ya mkono, ilhali mwenye karatasi hiyo ana kidonda cha kisigino ambacho kwa wiki sita hakijaonyesha dalili yoyote ya kufunga. Nimesoma maneno ya namna hiyo mara nyingi mno. Nawaandikia wenzangu mnaopima miguu ya wagonjwa wa kisukari, kwa sababu kosa hili huishia kwenye kukatwa miguu.

Tunapogawa presha ya kifundo cha mguu (ile namba ya juu ya kipimo) kwa ile ya mkono, jibu la 0.90 au chini yake ni ugonjwa wa ateri, yaani mishipa inayopeleka damu mguuni, 1.00 hadi 1.40 huitwa kawaida, na linalozidi 1.40 ni la ateri isiyobanika. Isiyobanika haina maana ya nzima. Mkanda wa presha haupimi wingi wa damu inayopita. Unapima nguvu inayotakiwa kuibana ateri mpaka mapigo yapotee. Kisukari kikiwa cha miaka mingi, hasa pale figo au neva zilipokwisha kuathirika, chokaa hujijenga katika tabaka la kati la ukuta wa ateri na kuufanya mgumu, hata mkanda ukalazimika kujazwa hewa kupita kiasi ambacho kingetosha kabisa kuibana ateri laini. Chokaa hicho chenyewe hakizibi njia. Kinachoziba ni mafuta yanayojikusanya katika tabaka la ndani, na mara nyingi mambo hayo mawili hukaa pamoja katika mguu mmoja, kwa hiyo namba ile kubwa inatueleza habari za ukuta tu, wala haituelezi chochote kuhusu njia.

Hata hivyo, 1.5 angalau inamshtua anayejua kuisoma. Inayoninyima raha ni 1.1. Ateri iliyoziba, ambayo uwiano wake wa kweli ungekuwa 0.7, hupandishwa na ugumu wa ukuta mpaka ikaingia katikati ya safu ya kawaida, na mgonjwa anaambiwa arudi mwaka ujao.

Huyu wa kisigino nilimpima upya. Mkono ulisoma 140 na kifundo 210. Nilipofunga mkanda mdogo kwenye kidole gumba cha mguu, ilipatikana 42, yaani uwiano wa 0.30, wakati chini ya 0.70 tayari ni tatizo. Ateri ndogo za vidole kwa kawaida haziathiriki sana na chokaa, ndiyo maana kidole husema kweli pale kifundo kinapodanganya. Asiye na mkanda wa kidole atumie masikio: kwenye dopla, kifaa cha kusikilizia damu inavyopita, ateri yenye afya hutoa mlio mkali wenye sehemu tatu, au walau mbili, lakini wa mgonjwa huyu ulikuwa mvumo mmoja mzito, uliopanda polepole na kushuka polepole.

Kuhusu maumivu nitasema kwa ufupi. Ganzi huyaficha, na joto la mguu lisimtulize mtu, kwa maana neva zilizoharibika huiachia damu ipite njia za mkato katika ngozi bila kuzifikia sehemu za mguu zinazoihitaji.

Yapo nisiyo na uhakika nayo. Kanuni iliyozoeleka inatumia presha kubwa kati ya zile za ateri mbili za kifundo. Mimi ninapotafuta ugonjwa kwa mwenye kisukari hutumia ile ndogo, nikijua kwamba nitawaita wagonjwa baadhi ya watu wasio na ugonjwa. Tena, mwaka 2018 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa kinga lilisema ushahidi hautoshi kuunga mkono au kupinga upimaji wa uwiano huu kwa watu wasio na dalili, na sina hoja ya kulibomoa. Ninachojiuliza ni kama "asiye na dalili" ni jina linalomfaa mtu ambaye miguu yake imepoteza hisia.

Basi namba ikizidi 1.40, andikeni "ateri haibaniki, uwiano hausomeki, apimwe kidole". Ikiwa ya kawaida na mguu una kidonda, andikeni vilevile kwamba kidole bado hakijapimwa, ili atakayempokea mgonjwa ajue kazi haijaisha.