China inafuata nini Asia ya Kati?

Ninapoulizwa China inafuata nini Asia ya Kati, muulizaji huwa tayari ana jibu lake: mafuta, gesi na urani. Si jibu la uongo, kwani Kazakhstan peke yake huzalisha takriban asilimia 40 ya urani inayochimbwa duniani, lakini bidhaa hizo zinauzwa kwingineko pia. Kilicho adimu zaidi kwa China ni njia. Sehemu kubwa ya mafuta inayoagiza hupita katika mlango-bahari wa Malacca, kusini-mashariki mwa Asia, njia nyembamba inayoweza kuzibwa na taifa lenye jeshi kubwa la majini wakati wa vita. Kazakhstan inapakana na Xinjiang, jimbo la kaskazini-magharibi mwa China, na bomba lililofukiwa nyikani halifikiwi na manowari ya mtu yeyote.

Mafuta nitayapitia haraka. CNPC, shirika la mafuta la serikali ya China, liliingia Aktobe, magharibi mwa Kazakhstan, mwaka 1997, likainunua kampuni ya PetroKazakhstan mwaka 2005 kwa takriban dola bilioni 4.2, na mwaka uliofuata mafuta yakaanza kutiririka kutoka Atasu, Kazakhstan, hadi Alashankou, mpakani upande wa China.

Gesi ya Turkmenistan ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Mabomba makubwa ya enzi za Usovieti yalielekea kaskazini, hivyo Urusi ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkuu. Aprili 2009 bomba moja la huko lililipuka, pande mbili zikatupiana lawama, na biashara ikasimama kwa miezi kadhaa. Desemba mwaka huohuo Hu Jintao, rais wa China wakati huo, alikuwa Turkmenistan, pamoja na marais wa nchi hiyo, Uzbekistan na Kazakhstan, kufungua bomba la takriban kilomita 1,800 linaloelekea mashariki. Leo mabomba hayo ni matatu, yamelazwa sambamba, na uwezo wake ni mita za ujazo bilioni 55 kwa mwaka. Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, iliacha kununua mwaka 2016, ikarejea 2019 kwa kiasi kidogo. Mauzo kwa Iran nayo yalikatika mwaka 2017 kwa ugomvi wa madeni. Sitasema kwamba Ashgabat, yaani serikali ya Turkmenistan, iliruka majivu ikakanyaga moto, maana bila China ingebaki na gesi isiyo na pa kwenda, lakini muuzaji mwenye mteja mmoja hapangi bei, na huyu alikuwa pia amekopeshwa na mteja wake mabilioni ya dola za kuendeleza eneo la gesi la Galkynysh.

Hata hivyo bomba huwafunga wote wawili. Meli ya gesi inaweza kugeuziwa bandari nyingine ikiwa safarini; bomba halina ujanja huo. Katika majira ya baridi ya 2017 na 2018 gesi ya Turkmenistan ilipungua ghafla, wakati miji ya kaskazini mwa China ikiwa imetoka kuachishwa makaa ya mawe, na uhaba ukaingia hadi majumbani.

Reli ina kikwazo chake. Pale Khorgos, mpakani mwa China na Kazakhstan, treni mbili husimama sambamba na kreni hunyanyua makontena moja moja kutoka behewa hadi behewa, kwa sababu geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli, ya China ni milimita 1,435 na ya Kazakhstan ni 1,520. Milimita 85 tu, urithi wa dola ya Urusi, ndizo zinazosimamisha mzigo. Gesi haina geji, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya mabomba yatangulie.

Bomba la nne, liitwalo Laini D, lilipangwa kupita Uzbekistan, Tajikistan na Kyrgyzstan. Turkmenistan inalitaka mno. China haioneshi haraka, kwa kuwa tangu Desemba 2019 inapokea pia gesi ya Siberia moja kwa moja kutoka Urusi, na mnunuzi mwenye wauzaji wawili mlangoni anaweza kungoja.