Je, Wajua kwa Nini UTI Huwaandama Wanawake Kuliko Wanaume?

Kwenye ploti za Kayole au Githurai, ambako nyumba kadhaa hutumia choo kimoja, mwanamke akiugua UTI utamsikia akisema, "Nimeshika kwa choo." Choo kinasingiziwa. Mara nyingi maambukizi haya ya njia ya mkojo hutokana na bakteria wa mwili wake mwenyewe.

Takriban visa vinane kati ya kila kumi husababishwa na bakteria aitwaye E. coli, anayeishi kwenye utumbo mpana bila kumdhuru mtu. Akitokea njia ya haja kubwa, hana safari ndefu hadi tundu la mkojo. Kutoka hapo, mrija unaoelekea kibofuni ni wa sentimita 4 hivi kwa mwanamke. Kwa mwanamume hukaribia 20. Bakteria huyo akishafika, hujishikiza kwenye ukuta wa kibofu kwa vinyweleo vyake vinavyonata, hivyo mkojo haumwondoi kwa urahisi.

Tendo la ndoa nalo humsukuma bakteria huyo ndani. Ndiyo maana wengi huanza kusikia mkojo ukichoma siku chache baadaye, na nyumba nyingine huwaka moto kwa tuhuma. UTI si ugonjwa wa zinaa, wala si ushahidi kwamba mtu ametoka nje ya ndoa.

Kinachoniuma zaidi ni wanawake wanaokwepa vyoo kwa hofu ya kushika UTI humo. Mtu anafanya kazi mjini, anajinyima maji tangu adhuhuri asije akabanwa ndani ya matatu kwenye foleni ya Thika Road. Mkojo ukikaa, bakteria huzaana. Utafiti uliofanywa Bulgaria na kuchapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wanawake waliougua mara kwa mara na kunywa maji kidogo: walioongeza lita moja na nusu kwa siku waliugua karibu nusu ya mara ambazo wenzao waliugua. Kwa hiyo kunywa maji, nenda choo ukibanwa, na ujipanguse kutoka mbele kwenda nyuma.

Tafadhali usinunue vidonge viwili vitatu kwenye kemisti ya mtaani kwa sababu jirani vilimsaidia. Dozi nusu huwaacha bakteria sugu wakiendelea kuzaana. Pima mkojo kwanza; ukiugua tena na tena, omba mkojo uoteshwe maabara, yaani bakteria waliomo wakuzwe, ijulikane dawa itakayowaua. Homa, kutapika au maumivu ya mgongo chini ya mbavu huashiria kwamba figo zimefikiwa: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito hupimwa mkojo kliniki hata asiposikia maumivu, kwani kwake bakteria hao hupanda figoni kwa urahisi zaidi.