Je, wajua kwa nini mlango wa choo cha watumiaji wa kiti mwendo hufunguka kwa nje?

Vyoo vingi mlango wake husukumwa kwa ndani. Choo cha watumiaji wa kiti mwendo, kikijengwa na fundi anayeijua kazi, mlango wake huvutwa kwa nje, na sababu zipo mbili.

Ya kwanza ni nafasi. Ili kiti mwendo kigeuke, sakafu inatakiwa iwe na duara tupu lenye upana wa sentimita 150 hivi. Mlango wa kufungukia ndani unalila duara hilohilo: mtu ameshaingia, lakini hawezi kuurudisha kwa sababu magurudumu yameuzuia. Ndiyo maana wengine hulazimika kujisaidia mlango ukiwa wazi, ndugu amesimama nje kuwasitiri.

Ya pili ni kuanguka. Kazi kubwa chooni ni kuhama. Mtu hukisogeza kiti ubavuni mwa choo, hufunga breki, hutoa kiegemeo cha mkono, hushika bomba la ukutani, kisha hujivuta kwa nguvu za mikono hadi akae. Kwa hiyo kikalio cha choo kinatakiwa kikaribiane kimo na kiti mwendo. Vipimo vya Marekani ni sentimita 43 hadi 48. Akiteleza hapo, anaweza kulala nyuma ya mlango. Mlango wa ndani utamgandamiza kila unaposukumwa. Wa nje unavutwa tu, anatolewa.

Uingereza huweka pia kamba nyekundu ya kuombea msaada, ikining'inia kutoka darini. Kishikio chake cha chini hukaa sentimita 10 tu kutoka sakafuni, maana aliyeanguka yuko huko chini. Kuna wanaoifunga fundo juu isiwasumbue wakati wa kudeki, na hapo imebaki pambo.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Bado utakuta ukumbi una alama ya kiti mwendo mlangoni, ndani kuna ndoo na mifagio, na ufunguo anao mlinzi aliyekwenda kula. Hata kufika hapo ni shughuli. Kipimo kinachotumika sana cha njia ya mteremko ni 1 kwa 12, yaani kizingiti cha sentimita 15 kinadai mteremko wa sentimita 180. Mafundi wetu wakimwaga zege la nusu mita wanaona wamemaliza, na mgeni anapandishwa na vijana wawili, kisha kushuka anashushwa kinyumenyume.