Mgomo wa mshikamano ni nini?

Mgomo wa mshikamano ni pale wafanyakazi wasio na ugomvi na mwajiri wao wanapoacha kazi fulani ili kuwaunga mkono wenzao waliogoma kwa mwajiri mwingine. Kuli wa bandarini anakataa kushusha shehena, ingawa mshahara wake umeingia kwa wakati, kwa kuwa shehena ile ni ya kampuni inayozozana na mafundi wa gereji huko mjini.

Mfano ulio wazi zaidi siku hizi uko Uswidi, na unahusu magari ya umeme ya Tesla. Tesla haina kiwanda Uswidi. Magari yake yote huingizwa kutoka nje, na ilicho nacho huko ni maduka na gereji. Tarehe 27 Oktoba 2023 mafundi wa gereji hizo ambao ni wanachama wa IF Metall, chama cha wafanyakazi wa viwandani, waligoma. Wanataka kampuni isaini mkataba wa hali bora, ule ambao Kenya wengi huuita CBA. Tesla inasema masharti inayowapa wafanyakazi wake yanatosha bila mkataba.

Mkataba huo una uzito mkubwa kwa sababu Uswidi haina sheria ya kima cha chini cha mshahara. Malipo, pensheni, bima na saa za ziada hupangwa mezani kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, na takriban wafanyakazi 9 kati ya 10 wamo ndani ya mikataba ya aina hiyo. Mwajiri mkubwa akikaa nje bila kuguswa, wengine watajiuliza kwa nini wao wabaki ndani. Hofu hiyo naiona ya haki kabisa.

Mafundi wenyewe ni wachache, na kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini gari la kuagiza hupita mikono mingi kabla ya kufika kwa mnunuzi. Meli ikifunga gatini, wafanyakazi wa bandari hawashushi Tesla. Likiingia kwa njia nyingine, linahitaji vibao vya namba, na vibao hivyo husafirishwa kwa posta, ambako wafanyakazi wa PostNord nao waligoma kuvipeleka. Mafundi umeme wakaacha kuhudumia vituo vya kuchajia vya kampuni hiyo, wasafishaji wakaacha kusafisha maeneo yake. Fikiria mtu aliyekwisha kulipia gari. Liko pale linang'aa, lakini haruhusiwi kuliingiza barabarani kwa kukosa vipande viwili vya bati. Novemba 2023 Elon Musk, mkuu wa Tesla, aliandika kwenye mtandao wa X kwamba huo ni wendawazimu, na kampuni ikaenda mahakamani kudai vibao. Vyama vya wafanyakazi vya Denmark, Norway na Finland navyo vikajiunga.

Hapo ndipo siasa inapoingia. PostNord ni mali ya serikali za Uswidi na Denmark, na wapinzani wa mgomo wanauliza inakuwaje huduma ya umma imnyime raia barua zake kwa ugomvi usiomhusu. Swali ni zito, kwani mnunuzi yule hakumkosea mtu. Hata hivyo, ukiwaondolea mafundi nguvu ya makuli na wapeleka barua, unawaacha peke yao mbele ya kampuni tajiri mno.

Nchi hazikubaliani juu ya jambo hili. Mwaka 1990 Uingereza iliondoa kinga ya kisheria iliyozuia vyama kushtakiwa kwa migomo ya aina hii. Kenya inaikataza katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Tanzania inairuhusu kwa masharti katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mwajiri apewe notisi ya siku 14, na pawe na uhusiano kati ya waajiri hao wawili unaowezesha shinikizo kumfikia mlengwa. Kwa hiyo kuli wa Dar es Salaam anaweza kufanya kihalali jambo ambalo mwenzake wa Mombasa angelifanya kwa kuvunja sheria.

Mwaka 1995 mgomo wa namna hii uliibana Toys R Us, kampuni ya maduka ya vitu vya kuchezea watoto, huko Uswidi, ikasaini mkataba baada ya miezi mitatu hivi. Tesla imekuwa ngumu zaidi. Imeleta wafanyakazi wa kuziba nafasi za waliogoma, na magari yameendelea kuuzwa. Oktoba 2025 mgomo ulitimiza miaka miwili bila mkataba kusainiwa, huku mafundi waliobaki nje wakilipwa na mfuko wa chama chao.